Mtungi wa Maji ya Betri

Wazazi wetu walipokufa, mmoja nyuma ya mwenzake kabla mwaka haujageuka, nilikuwa darasa la sita, na sikurudi kulimaliza. Tulibaki watatu katika nyumba ya Ngamiani: mimi, mdogo wangu wa kike, na kitinda mimba wetu ambaye bado alilala amekumbatia kanga ya mama. Baba alituachia paa la bati. Nyumba nyingi za mtaa wetu siku hizo zilikuwa za makuti, na bati lile lilikuwa fahari yake. Mvua ikinyesha alikuwa akinyamazisha watu ili alisikilize.

Baada ya matanga nilianza kuhesabu vijiko. Ndugu walikuja kutupa pole, na kila aliyeondoka nilikwenda kukagua pale alipokuwa ameketi. Kikombe kimoja cha kaure kilipotea, na mpaka leo yupo ninayemshuku. Nilijifunza kufunga kabati kwa kufuli na kulala na ufunguo. Nilijifunza pia kumwuliza mtu swali, nikangoja kidogo, nikamwuliza tena lile lile nione kama jibu litabadilika. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na sita nilipoanza, na nilipofika ishirini nilikuwa hodari sana wa jambo hilo.

Niliyemwogopa hasa alikuwa mjomba wetu wa Maramba. Kwetu sisi Wadigo mjomba ndiye mwenye watoto, na yeye hakulificha alilolitaka: mdogo wangu wa kike aende akamsaidie mkewe shambani, kitinda mimba apelekwe kwa ndugu mwingine upande wa Mkinga, nami nijitafutie.

"Nyumba isiyo na mtu mzima," alisema, "ni kichaka chenye mlango."

Tulipatana mbele ya wazee. Maadamu nina kazi ya kudumu, watoto watakaa nami. Siku nitakapoikosa, atakuja kuwachukua.

Kazi yangu ilikuwa kuchaji betri katika karakana ya magari. Shati langu lilikuwa na matundu kama chekeche kwa sababu ya asidi, na mikono yangu haikuacha kuwasha. Hapo ndipo aliponikuta Mgiriki mmoja, mwenye shamba la mkonge, aliyekuwa na nyumba upande wa bahari. Katika bustani ya nyumba hiyo alikuwa ametandika reli.

Upana wa reli ulikuwa shubiri moja. Garimoshi lenyewe lilinifika gotini, kichwa chake kirefu kama kitanda cha mtoto, na halikuwa la kuchezea tu: lilikuwa na tanuri, boila, pistoni na filimbi, vyote vikifanya kazi kama vya kule stesheni. Lilivuta mabehewa matatu, ambayo hata mtu mzima aliyapanda kwa kutanua miguu kama apandaye punda. Lakini boila lilikuwa limeoza tumboni. Maji yetu ya Tanga yana chokaa na chumvi, na yalikuwa yamelila taratibu mpaka likavuja kila mahali. Mafundi wawili walilitazama wakakataa kulichomelea. Walisema mvuke haufanyiwi mzaha. Ndipo Mgiriki akaja kuuliza kama linaweza kwenda kwa betri. Tajiri wangu akasema linaweza, kisha akanigeukia kuona kama nami nasema hivyo.

Dainamo ya lori ina tabia moja: ukiizungusha inatoa umeme, ukiipa umeme inazunguka. Tulitafuta ya lori bovu, tukaifunga chini ya kichwa pale palipokuwa na tanuri, na tukaiunganisha na ekseli kwa mnyororo wa baiskeli. Betri mbili nilizilaza katika kibehewa cha makaa, nikazifunika ubao, na juu ya ubao nikapanga makaa halisi. Swichi ilikuwa na hatua mbili. Ya kwanza iliita betri moja, garimoshi likajikokota. Ya pili iliita zote mbili, likakimbia. Fito za pembeni na pistoni tuliziacha ziendelee kucheza, ingawa sasa zilikuwa zikisukumwa badala ya kusukuma.

Hilo la fito lilikuwa sharti la mzee mchochea moto. Alikuwa Mbondei, amestaafu reli, anakaa Mabawa, na kwa miaka kadhaa kila Jumapili baada ya kanisa alikuwa akija kuwasha moto wa garimoshi lile. Sasa moto haukuwapo. Mgiriki alimbakiza kupaka mafuta na kushika ufunguo wa banda la garimoshi, nami akaniomba kwa tajiri wangu nihamie kwake kutunza betri na mashine ya kuchajia.

Mbondei na Mdigo ni watani, kwa hiyo mzee hakunipa hata siku moja ya kupumua.

"Mdigo wewe, umemtoa ng'ombe matumbo ukamjaza pamba," aliniambia siku ya kwanza.

"Si anatembea, mzee?"

"Hata maiti hutembea, akibebwa."

Lilikwenda vizuri. Lilizunguka bustani mara ishirini bila kupumzika, kimya, watoto wa Kigiriki na wenzao wakipiga kelele juu yake. Habari ilifika Ngamiani kabla yangu: kuna garimoshi linalokwenda bila moto, nalo ndani lina sanduku la maji yanayounguza nyama. Siku zile neno la mumiani lilikuwa kwenye vinywa vya watu, kwamba wako wanaowanyonya watu damu ili mitambo ifanye kazi. Jirani yetu mmoja alimwita mdogo wangu kando ya ua.

"Mwambie kaka yako aulize wanalilisha nini. Kitu chenye mwendo kina chakula chake."

Nilicheka aliponisimulia. Lakini kesho yake Mgiriki aliponiuliza wadogo zangu wana umri gani, nilimdanganya.

Chakula cha betri, kwa kweli, ni maji. Jua na kuchajiwa huyapunguza, na lazima uyaongeze, nayo yawe maji yasiyo na kitu ndani. Maji ya chupa ya duka la dawa yalikuja kwa meli na hayakuja kila mara. Katika karakana tulitumia ya mvua, nami nikamwambia Mgiriki nitayaleta ya kwangu, ya bati la baba. Nyumba yake ilikuwa ya vigae na kunguru walikuwa wakishinda juu yake. Nyumbani nikauosha mtungi mkubwa wa mama, nikauweka pembeni mwa ua chini ya mchirizi, ukajaa masika yale ndani ya siku mbili. Nikaufunika kwa kibao na kitambaa. Kisha nikamwita mdogo wangu wa kike.

"Mtungi huu haunyweki, hauogewi, hauoshewi vyombo. Na nisije nikaukuta mtupu hata siku moja. Umesikia?"

"Nimesikia, kaka."

"Nimesema nini?"

Akarudia neno kwa neno.

Masika yalipita, kipupwe kikapita, joto likaanza kurudi. Karibu kila siku asubuhi nilijaza chupa mbili kutoka mtungini, nikazifunga nyuma ya baiskeli na kwenda kazini. Mizunguko ishirini ikawa kumi na saba. Ikawa kumi na miwili. Kila nilipozichaji betri zilitoa harufu ya kuchoma pua, kama choo cha hospitali kilichomwagiwa dawa. Nilizoea betri zote za mji ule, na hakuna iliyowahi kunuka hivyo.

"Mtani," mzee aliniuliza, "mgonjwa wako ameamkaje? Nimkorogee uji, au nitafute majembe?"

Nikamwangalia usoni.

"Moto ukifa, unapuliza," akaendelea. "Hili sanduku lako likifa, unalipuliza wapi?"

Wafanyakazi wa bustani wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekwisha kuanza kufikiri: nani ana ufunguo? Nani ambaye moto wake ulizimwa? Nilichukua uzi mweusi nikaufunga kwenye vifuniko vya betri kwa fundo ninalolijua mimi tu. Siku ya tatu fundo lilikuwa lile lile, na betri ilikuwa mbaya zaidi. Mtu mwingine angeona kwamba hakuna aliyezigusa. Mimi niliona kwamba mzee ni mjanja kuliko nilivyodhani.

Siku moja adhuhuri alikwenda kunawa, na mfuko wake ukabaki juu ya benchi. Niliufungua. Ndani mlikuwa na kitambaa cha mafuta, kitabu kidogo cha nyimbo za kanisa, na karatasi iliyokunjwa. Ndani ya karatasi: chumvi ya mawe, konzi nzima.

Kila aliyewahi kufanya kazi ya betri anajua kwamba chumvi ni sumu yake. Inakula sahani za ndani na kutoa moshi unaochoma pua. Niliikunja karatasi ile, na nakiri kwamba nilifurahi. Nilikuwa nimemkamata mtu.

Niliipeleka moja kwa moja kwa Mgiriki. Mzee aliitwa, akaja mikono ikidondoka maji.

"Hii nini?" Mgiriki akauliza.

"Chumvi, bwana."

"Chumvi ya nini?"

"Ya embe bichi. Ninakula na embe bichi adhuhuri, meno yangu haya machache yanapenda ukali." Akanitazama mimi, si Mgiriki. "Huyu ananiona kila siku nikila."

Ni kweli nilikuwa nikimwona. Macho yangu niliyaweka kwenye karatasi. Mgiriki hakupiga kelele. Alinyoosha mkono tu, na mzee akauvua ufunguo uliokuwa shingoni mwake kwa uzi mmoja na msalaba. Ilimchukua muda kuutenganisha na msalaba. Kisha akachukua mfuko wake akaenda zake kwa miguu, akiwa amesahau kofia.

Mgiriki alinunua betri mpya. Wagiriki husherehekea siku ya mtakatifu ambaye mtu amepewa jina lake, na siku ya mwanawe ilikuwa inakaribia. Wageni wangetoka mashamba yote mpaka Pangani. Ufunguo sasa ulikuwa kiunoni mwangu. Hakuna mtu aliyeingia bandani ila mimi. Baada ya wiki tatu, ikiwa imebaki wiki moja tu kwa sherehe, nilizichaji betri asubuhi, nikainama kuzitazama, na ile harufu ikanipiga puani.

Mgiriki alikuwa amesimama mlangoni. Naye aliisikia.

"Mzee hayupo," akasema. "Ufunguo uko na wewe. Sasa ni nani?"

Nilirudisha vifuniko vya betri kimoja kimoja.

"Siku ya mtoto wangu hii gari isipotembea, wewe kwaheri."

Niliendesha baiskeli mpaka nyumbani saa ambayo si kawaida yangu, jua la saa tisa likiwa limewafukuza watu barazani. Njia nzima nilikuwa nikitafuta adui mwingine. Nilimfikiria mpishi. Nilimfikiria jirani wa mumiani. Nilimfikiria mjomba, kwamba ametuma mtu. Nilipoingia uani, mdogo wangu wa kike alikuwa ameondoa kibao cha mtungi, na mikononi ameshika ndoo iliyokuwa bado na kamba ya kisima.

"Unatia nini?"

Akaruka. "Maji."

"Ya wapi?"

Nilichovya kidole mtungini nikaonja. Maji yale sikuwahi kuyaonja hata mara moja, kwa kuwa hayakuwa ya kunywa. Yalikuwa ya chumvi, kama yalivyo ya visima vyote vya mtaa wetu.

"Tangu lini?"

"Tangu mdogo wetu alipougua homa," akasema, macho yakiwa chini. "Alikataa maji ya kisima, anayatapika. Nikampa ya mtungini, ya mvua, akanywa. Yakapungua sana. Ulisema usiukute mtupu, kaka. Nikajaza. Halafu kila ukichota najaza."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akainua uso, na nikaona kwamba amekuwa mtu mzima bila ya mimi kutambua.

"Ungeniuliza mara mbili," akasema.

Niliketi juu ya kinu. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa zaidi ya miezi miwili. Mimi niliyehesabu vijiko, niliyefunga uzi kwenye vifuniko, niliyefungua mfuko wa mzee, nilikuwa nimeuchota mtungi ule karibu kila asubuhi na kuukuta umejaa, na sikuwahi kujiuliza unajaaje.

Kabla ya magharibi nilikwenda Mabawa. Mzee alikuwa mbele ya nyumba yake anachonga mpini.

"Shikamoo, mzee."

Aliendelea kuchonga. Nilisimama. Shikamoo isiyoitikiwa ni mzigo mzito kichwani. Huwezi kuutua wala kuondoka nao. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama hivyo hivyo: mtungi, kisima, homa ya mtoto. Nikamwambia asubuhi nitakwenda kumweleza Mgiriki.

"Atakufukuza," akasema.

"Najua."

"Na yule mjomba wako wa Maramba?"

"Atakuja."

Alipuliza vumbi la mti kwenye mpini. "Mtani akinidhania mwizi, tunamalizana kwa maneno na jogoo mmoja. Wewe ulinipeleka kwa Mzungu. Watani hawapelekani kwa Mzungu."

Nilikuwa nimekwisha kufika barabarani nikishika baiskeli niliposikia nyuma yangu, si kwa sauti kubwa: "Marahaba."

Asubuhi nilimwambia Mgiriki kwamba maji yalikuwa yangu na kosa lilikuwa langu, na mzee hakuwa na hatia. Mdogo wangu sikumtaja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia niuache ufunguo mezani. Tajiri wangu wa karakana alikuwa amekwisha kumweka mtu mwingine mahali pangu. Habari za mtu kukosa kazi hazihitaji barua. Siku ya tatu mjomba aliteremka kwenye lori la Maramba.

Hakuwa mtu mbaya. Alikunywa chai, akaulizia afya zetu, akamwambia mdogo wangu afunge nguo zake. Akafunga. Kitinda mimba alishika kanga ya mama na kuniangalia mimi, akingoja niseme kitu. Nami nilikuwa nimetoa neno mbele ya wazee.

Ndipo tukasikia kilio njiani, kilio cha msibani hasa, na mzee wa Mabawa akaingia uani na baiskeli yake akijipiga kifua.

"Ole wangu! Wadigo wanahama! Nani atakayenilia chumvi yangu?"

Akaiegemeza baiskeli ukutani, akaenda moja kwa moja kwenye kifurushi cha nguo cha mdogo wangu, akakikalia.

"Mzee," mjomba akasema, "inuka, lori linaondoka."

"Liondoke. Hapa mtani amekaa, na asipolipwa hainuki."

Mjomba aligeuza uso, lakini nilimwona mdomo unamcheza. Mdigo hawezi kumkasirikia Mbondei aliyekalia mzigo wake; akikasirika, ameaibisha ukoo.

"Unataka nini? Jogoo?"

"Jogoo wa Maramba mgumu, meno sina. Nataka mtu anayejua betri. Mzungu amenirudishia ufunguo, akanipa na maiti mbili ndani ya sanduku, na sherehe Jumapili. Nimemwambia: moto naujua, haya maji ya kijinga siyajui. Huyu ndiye aliyeziua. Azifufue."

"Kwa hiyo ana kazi?"

"Anayo kwangu. Mzungu amesema ufunguo wangu, mtu wangu. Akiharibu tena, nitamkalia yeye."

Mjomba alinitazama kwa muda mrefu, macho yale yale niliyokuwa nikiyatumia mimi kwa watu wengine. Akauliza, "Kazi hii ni ya kweli?" Mzee akasema ni ya kweli. Mjomba akangoja kidogo, akauliza tena. Mzee akasema ni ya kweli. Lori likapiga honi, likaondoka na mjomba peke yake.

Nilizimwaga betri zile, nikaziosha mara tatu kwa maji ya chupa tuliyoyatafuta duka la dawa mpaka tukayapata, nikatia asidi mpya, nikazichaji polepole siku mbili. Jumapili garimoshi lilikwenda mizunguko kumi na minne. Katika wa kumi na tano lilipoanza kuchoka, mzee alipuliza filimbi ya mdomo, akatangaza kuwa hapa ni stesheni, wote washuke wanywe soda. Watoto wakashuka, nasi tukapata muda wa kuchaji.

Nilifanya kazi chini yake miaka mitatu. Adhuhuri tulikula embe bichi kutoka karatasi moja.

Vuli ya mwaka ule wa sherehe, mvua ya kwanza ilipiga bati mchana. Sote watatu tulitoka uani kuutazama mtungi ukijaa. Ulipojaa, nilichovya kidole nikaonja, mdogo wangu wa kike akiwa amesimama karibu ananitazama. Yalikuwa matamu. Nilitaka kuonja tena. Nikaufunika.